Mwanamke Huru wa Kimanga

Maneno ya kwanza ya Kifaransa niliyoyasoma peke yangu, bila mwalimu kunisimamia, yalikuwa ndani ya buku ya shangazi yangu. Buku ndicho kile kijitabu cha utambulisho ambacho serikali ya Wabelgiji iliwapa watu wa mjini, na shangazi alikifunga kwenye pindo la kitenge chake pamoja na ufunguo wa mlango. Siku hiyo alikuwa ameenda kuchota maji, akakiacha juu ya mkeka. Mimi nilikuwa nimeketi hapo nikichambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikiwatoa mchanga. Nilifuta vidole, nikafungua.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Wazazi wangu walilima Mutarule, kwenye bonde la Ruzizi, na shule ya kule iliishia darasa la pili. Kwa hiyo baba alinipeleka Uvira kwa dada yake, mtaa wa Kimanga, nisome kwa masista. Kusoma kulikuwa kumenipata kama kiu. Nilisoma magunia, nilisoma makopo ya maziwa, nilisoma hata maandishi ya kwenye misalaba ya makaburini. Ndani ya ile buku nilisoma jina la shangazi, jina la kijiji, kisha mahali palipoandikwa kwa wino mweusi: *femme libre*.

*Femme* nililijua. Ni mwanamke. *Libre* nililijua pia, kwa kuwa masista walikuwa na wimbo wa ndege aliyeachiwa. Ni huru. Niliyaunganisha mara mbili, mara tatu, kwa sauti ya chini, na ghafla nikasikia kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yamekizoea. Famulibri. Pale sokoni neno hilo lilitupwa kama maganda. Mwanamke akigombana na mwenzake juu ya mahali pa kupanga mafungu yake, la mwisho kumwambia lilikuwa hilo: famulibri weye. Nami siku zote nilidhani ni neno moja, la matusi tu, lisilo na mlango wa kuingilia.

Shangazi aliporudi nilimwuliza. Hakukasirika. Alitua ndoo, akavuta pumzi, akanieleza huku akigeuza ndagala juani.

Alikuwa ameolewa juu Rurambo, kwenye familia ya wafugaji. Alikaa kule miaka sita, mtoto hakuja. Mume akaoa mwingine, na huyo mwingine akazaa mwaka uleule. Shangazi hakungoja kufukuzwa. Aliteremka mlima kwa miguu, na babu yangu akarudisha ng'ombe wa mahari kwa shingo upande. Lakini kijijini hakutaka kukaa, maana kila aliyempita alimtazama tumbo kwanza ndipo amsalimie. Akaja Uvira. Asubuhi alinunua ndagala pwani ya Kalundu, akawaanika, na wiki ikiisha akabeba kapu mpaka Mutarule, wakati mwingine mpaka Katogota, akabadilishana kwa muhogo na maharagwe.

Alipokwenda ofisini kujiandikisha kama mkaaji wa mji, karani alimwuliza jina la mume. Akasema hana. Akaulizwa yuko chini ya nani. Akasema baba yake yuko kijijini, na yeye yuko hapa. Karani akaandika, akamwambia kwamba mwanamke wa namna hiyo analipa kodi yake mwenyewe, kama mwanaume.

"Waliniandika vile," aliniambia, "kwa sababu hawakupata mwanaume wa kuandika."

Wengine nao wakalisoma neno lile wapendavyo. Mwanamke asiye na mume mjini, watu walishajua anauza nini apate kula. Ndivyo neno la ofisini lilivyokuwa tusi la sokoni.

Jambo hilo halikunitoka kichwani, kwa sababu shuleni tulikuwa na mwalimu tuliyemwita Madmazeli, jina la heshima ambalo Wafaransa humwita mwanamke asiyeolewa. Alikuwa Mwafrika kama sisi, mzaliwa wa Katogota, aliyelelewa na kufundishwa na masista. Alivaa viatu vyeusi vyenye kamba na sketi iliyonyooshwa kwa pasi. Hakuwa na mume. Wanaume walipompita njiani walivua kofia. Nami nikajiuliza: huyu hana mume, na shangazi hana mume. Huyu anajitafutia, na shangazi anajitafutia. Kwa nini huyu ni Madmazeli na yule ni famulibri?

Nilimwuliza palepale darasani, nimeinua kidole kama tulivyofundishwa. Wasichana wakubwa wa benchi la nyuma walianza kucheka wakiziba midomo. Madmazeli alinigeuzia mgongo akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Kisha akatuamuru tufungue daftari za hesabu. Baada ya masomo aliniita ukumbini, akasema neno lile halitamkwi shuleni, na kwamba siku moja nitakapokuwa mkubwa nimwulize tena. Aliposema hivyo aliyaangalia mabati ya kanisa, si uso wangu.

Nilipomsimulia shangazi, aliendelea kupanga mafungu yake. Alisema tofauti yao ni ndogo tu. Madmazeli ana masista nyuma yake, kila mtu anajua amlalamikie nani. Yeye nyuma yake hakuna mtu.

"Halafu yule anavaa viatu," akaongeza.

Baada ya hapo nilianza kukusanya majina ambayo watu waliitwa, kama watoto wengine walivyokusanya vizibo vya chupa. Madamu alikuwa mke wa Mzungu tu. Mama yangu mwenyewe, hata angevaa nini, alikuwa mwanamke tu, au mama fulani. Bibi kwetu ni mke: bibi ya fulani. Mwalimu mmoja aliyetoka ng'ambo ya ziwa alitushangaza sana alipotuambia kwamba kwao bibi ni nyanya yake, na tukamhurumia tukidhani amemwoa nyanya yake. Na jirani yetu, mzee mwenye mvi na wajukuu saba, mpishi wa Mbelgiji mmoja wa bandarini, aliitwa boyi. Niliposikia kwa masista kwamba boyi ni neno la Kiingereza na maana yake ni mtoto wa kiume, nilikwenda kumtazama juu ya ukuta wa matete. Alikuwa anakata kucha za miguu kwa wembe. Nilimtazama muda mrefu nikitafuta yule mtoto.

Kisha uhuru ukaja. Siku zile neno lilikuwa kila mahali, kwenye fulana, kwenye nyimbo, midomoni mwa walevi. Jirani yetu alipita nyumba kwa nyumba, amevaa koti alilopewa na tajiri wake, akatangaza kwa upole kwamba kuanzia leo asiitwe boyi tena. Watu wakamwita Mesiye, yaani Bwana, kwa mzaha, naye akaitika kwa dhati, na mwaka haukuisha mzaha ukawa heshima. Makarani weusi wakaingia kwenye nyumba za Wazungu, na wake zao, ambao mwaka uliotangulia tulichota nao maji, wakawa madamu. Wengine walisahau kuitika, ikabidi waitwe mara mbili.

Siku moja alifika mtaani kwetu mtu wa chama akitafuta wanawake wa kuimba kwenye mkutano. Alisimama pale tulipoanika ndagala, penye wanawake kama kumi na wawili, akasema kwa sauti kubwa kwamba nchi mpya inataka wanawake huru. Wanawake wote wakageuka wakamtazama shangazi. Mmoja akaanza kucheka kwa pua. Mimi nilikuwa katikati yao, na swali likanitoka kabla sijalishika.

"Basi sasa sote tumekuwa famulibri?"

Yule mtu wa chama alikuwa ametoka mbali na hakuelewa. Nilimtazama shangazi nikiogopa nimemwaibisha mbele ya watu. Yeye alikuwa ameshika kapu kichwani kwa mkono mmoja. Alilitua chini taratibu, akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wengine wakashindwa kujizuia. Wiki nzima mtaani watu walisalimiana hivyo. Hata wanaume: habari yako famulibri, njema famulibri. Tangu hapo sikusikia tena mtu akimtukana shangazi kwa neno hilo usoni. Kodi ile nayo hakuna aliyekuja kuidai. Buku ilibaki ileile, kwa kuwa serikali mpya ilikuwa haijachapisha nyingine.

Uasi ulianza nikiwa darasa la sita. Wapiganaji waliteremka kutoka milimani, wakaingia Uvira, na ofisi zikafungwa. Wengi wao walikuwa vijana wa mashambani ambao uhuru haukuwaletea kitu, na hasira yao iliwaangukia wale ambao uliwaletea. Mtu mwenye tai, mtu mwenye kalamu mfukoni, mtu aliyesikika akisema Kifaransa, aliitwa mtumwa wa Wazungu. Niliyemjua wa kwanza kuchukuliwa alikuwa karani wa posta. Hakurudi. Katika siku mbili neno madamu likafutika mjini kama maandishi ya mchanga. Wake wa makarani walichimbia viatu vyao uani na kutaka waitwe mama kama zamani.

Madmazeli alikuja kwetu asubuhi, amejifunika khanga kichwani. Masista walikuwa wamevuka kwenda Burundi na hakuwapata. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi chini. Aliketi kwenye mkeka wetu, miguu pamoja, akamwambia shangazi kwamba hajui watu wengine wa Kimanga ila mwanafunzi wake. Alisema Kiswahili cha vitabuni, hata siku ile.

Shangazi hakumwuliza mengi. Alimpa kitenge chake cha zamani chenye harufu ya samaki, akamvua viatu, akamtazama nyayo. Zilikuwa laini kama za mtoto. Tukazisugua kwa majivu na tope. Kisha tukagawana ndagala katika makapu matatu, tukaondoka kuelekea Mutarule kwa mama, kama wachuuzi wanavyoondoka siku yoyote.

Bariyeri ya kwanza ilikuwa baada ya Kavimvira, shina la mti limelazwa barabarani. Walikuwapo vijana sita au saba, wamejifunga majani ya matete kiunoni. Mkubwa wao alikuwa mrefu, mwenye bunduki ya kweli. Wengine walikuwa na mikuki. Hakutukaribia. Alisimama hatua kadhaa mbali nasi, na sikujua bado kwa nini.

"Karatasi iko wapi?"

Shangazi alifungua pindo, akaiweka buku juu ya shina la mti, akarudi nyuma. Yule kijana aliichukua, akaigeuza huku na huku. Niliona hajui kusoma. Niliona pia kwamba herufi zile hakuzipenda.

"Hii iko Kifaransa," akasema. "Nani hapa anajua Kifaransa?"

Madmazeli alikuwa kando yangu, kapu kichwani. Kama ningenyamaza, wangeanza kututazama mmoja mmoja, na shingo yake haikuwa imezoea kapu. Nikasema, "Minye najua kidogo. Walitufundisha mu shule."

"Soma."

Nilisoma jina, nilisoma kijiji. Nikafika pale palipoandikwa kwa wino mweusi, nikasoma kama mtoto anavyosoma, herufi kwa herufi. Akaniuliza maana yake.

"Mwanamuke huru."

Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akawageukia wenzake akawaambia kwa sauti, na mmoja akasogea kuitazama karatasi kana kwamba neno lingeonekana kwa macho.

"Tangu lini?" akamwuliza shangazi.

"Tangu zamani. Uhuru ulikuwa haujafika."

"Kumbe weye ulitutangulia."

Alisema hivyo bila mzaha wowote. Aliinua mkono wake kwenye paji la uso, akampigia saluti, na wale wenye mikuki wakafanya vivyo hivyo. Shangazi yangu alikuwa na miaka karibu arobaini, na maishani mwake hakuna mwanaume aliyekuwa amemsalimia kwanza kwa heshima. Sijasahau jinsi alivyokosa pa kuiweka mikono yake.

Kisha kijana akamwonyesha Madmazeli kwa kidevu. "Na huyu?"

"Na yeye vilevile," shangazi akajibu. "Tuko wawili."

Nilidhani tumepita. Lakini wale vijana walinong'onezana, na yule mrefu akasema kwamba wanawake kama hawa ndio waliokuwa wakitafutwa. Hatukupelekwa Mutarule. Tulipelekwa kwenye ghala la pamba lililoachwa wazi, katikati ya bonde, ambako kikosi chao kilipiga kambi.

Huko ndiko nilikoelewa kwa nini hawakutukaribia. Walikuwa wamepewa dawa ya maji ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na masharti mengi. Sharti kubwa lilikuwa kutoguswa na mwanamke, na kutokula chakula kilichopikwa na mwanamke anayelala na mwanaume. Basi kikosi kizima kilikuwa na njaa mashambani, kati ya wake za watu. Mwanamke asiye na mume, yule ambaye Kimanga walimwona mchafu, hapa ndiye aliyekuwa safi. Nilijaribu kulipanga jambo hilo kichwani na halikukaa sawa. Neno lilikuwa lilelile. Hata sababu ilikuwa ileile: hakuna mwanaume wa kuandika.

Aliyelinda masharti alikuwa mwanamke mkongwe, mganga, mwenye fimbo na shanga nyeupe. Wapiganaji hawakumwita mama. Walimwita mzee, na walipozungumza juu yake ungedhani wanazungumza juu ya babu. Nilimwuliza kijana mmoja kwa nini. Akasema mama ni wa nyumbani, na vita haviko nyumbani.

Mganga alituita chini ya paa la ghala. Alimwuliza shangazi kama ni kweli hakuna mwanaume, naye akajibu ni miaka kumi na mitatu sasa. Alimwuliza Madmazeli. Madmazeli akasema, akijitahidi kusema kama sisi, "Minye sijapata." Mkongwe akauchukua mkono wake wa kulia, akaugeuza. Hapakuwa na sugu la jembe wala la mchi. Palikuwa na sugu dogo kwenye kidole cha kati, pale kalamu inapokaa. Alilipapasa kwa kidole gumba, mara moja, mara ya pili.

"Huyu atakaa kwenye vyungu," mkongwe akasema. "Asitoke nje."

Akatuacha. Mpaka leo sijui alikuwa anamficha Madmazeli au alikuwa tu anagawa kazi. Nimeyafikiria yote mawili kwa miaka mingi na kila moja linaaminika.

Tulikaa pale wiki tano au sita. Shangazi alipika sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala wetu mpaka wakaisha, kisha maharagwe. Madmazeli alisonga bukari, ugali wa kwetu, kwenye sufuria kubwa, na viganja vyake vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Mimi, kwa kuwa nilihesabiwa bado mtoto, nilikuwa ninabeba chakula hadi kwenye mstari wa mawe uliotutenga nao na kukiweka hapo. Baadhi ya vijana walikuwa wapole, waliniuliza habari za shule na jinsi ya kuandika majina yao. Wengine waliondoka asubuhi na kurudi na vitu vya watu, saa, redio, na nguo zenye madoa, na hao sikuwatazama.

Alasiri moja tulikuwa tunachambua majani ya muhogo, sisi watatu, na Madmazeli akaanza kusema bila kuulizwa. Aliniambia kwamba lile swali langu la darasani hakulijibu kwa sababu lilimgusa penye kidonda. Masista walimwita Madmazeli, na wazazi wa wanafunzi vilevile. Lakini kila alipokwenda Katogota kwa likizo, mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake ni mgonjwa, kwamba anatibiwa, kwamba akipona ataolewa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alivaa viatu hata nyumbani ili wamwone ni mwalimu kabla hawajamwona ni msichana aliyekosa mume.

Shangazi alimsikiliza huku akiendelea kuchambua.

"Minye sikuwa na viatu," akasema mwishowe. "Nilitembea haraka tu."

Madmazeli alicheka, kisha akataka kujua mambo ya kweli: mtu anakaaje peke yake mjini, anafunga mlango vipi, akiugua anamwita nani. Shangazi alimweleza yote kama anavyoeleza bei. Usikope kwa mwanaume anayekusifu. Kaa karibu na nyumba yenye watoto wengi, maana watoto wanaona kila kitu na wanasema. Ukifiwa, lia kwa sauti, watu wajue una ndugu. Madmazeli alimsikiliza kama sisi tulivyomsikiliza yeye.

Lakini saluti ile ilikuwa na mpaka wake. Yule kijana mrefu wa bariyeri alikuja siku moja kwenye mstari wa mawe, akamsifu shangazi kwa maharagwe, na kumpa habari njema. Vita vikiisha, alisema, hakutakuwa tena na mwanamke wa kuteseka peke yake. Kila mmoja atapewa mume. Hata yeye mwenyewe alikuwa tayari kumwombea shangazi mtu mzuri. Shangazi alimshukuru. Alipoondoka tulitazamana. Tulikuwa tumetumia neno moja kwa wiki nyingi, sisi na wao, na kumbe kila upande ulikuwa na lake.

Jeshi la serikali lilipokaribia tulisikia kwanza ndege za vita. Kambi ikavunjika asubuhi moja. Wapiganaji wakashika njia ya milimani wakiimba wimbo wa maji yao. Mkongwe alipita jikoni na fimbo yake, akatuambia neno moja tu, mwende, naye akawafuata. Tulifika Mutarule siku ileile kwa kupita mashambani. Mama alipotuona alikwenda kwanza kuweka maji motoni, kisha ndipo akalia.

Tulirudi Uvira baada ya miezi miwili. Mjini kila mtu alikuwa anamtaja mwenzake kwa wanajeshi, na mtu fulani alikuwa amesema kwamba shangazi alipika kwa waasi. Tuliitwa mbele ya ofisa kijana wa jeshi, aliyeketi nyuma ya meza kwenye jengo la shule. Alimwita shangazi bibi ya muasi. Alilisema kama kitu kilichokwisha kuamuliwa, na shangazi, aliyekuwa amejibu maswali ya kila mtu maishani mwake, safari hii alishika tu pindo la kitenge chake. Angesema nini? Si bibi ya mtu. Lakini nani angemwamini?

Madmazeli alikuwa amekuja nasi, amevaa viatu. Alisimama akasema Kifaransa chake chote, bila kupandisha sauti. Ofisa alipomwita *madame*, akamsahihisha, *mademoiselle*, kisha akaendelea. Alisema huyu mama ni mfanyabiashara, kwamba alimficha yeye, mwalimu wa shule ya masista, kwamba walipika kwa kulazimishwa na kwamba bila shangazi yeye asingekuwa hai. Ofisa alitaka karatasi. Shangazi akaitoa buku. Ofisa akaisoma, akafika penye wino mweusi, akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani, kicheko cha sokoni. Akaisukuma buku mezani kwa ncha ya kidole na kutuambia twende zetu.

Njiani Madmazeli alikuwa karibu kukimbia kwa furaha, na mimi vilevile. Shangazi alitembea mbele yetu mpaka tukafika kwenye daraja la Mulongwe. Hapo akasimama.

"Yule wa bariyeri hakujua kusoma," akasema, "lakini alinisalimia."

Hakutaja tena habari za siku hiyo. Kesho yake alikuwa Kalundu kununua ndagala.

Madmazeli alirudi kufundisha. Miaka sita baadaye aliolewa na mwalimu mjane mwenye watoto watatu, akawa madamu, na mimi nikiwa tayari mwalimu chini yake niliendelea kumwita Madmazeli kwa kuteleza ulimi. Hakunisahihisha. Alikuja kwa shangazi kila Jumapili baada ya misa, viatu mkononi, kwa sababu njia ya Kimanga ina tope. Baadaye ulikuja wakati ambapo serikali ilitaka sote tuitane sitwayeni, yaani raia, wake kwa waume. Watu wengi walilichoka neno hilo upesi. Shangazi alilipenda, alisema ni neno la kwanza la ofisini lisilomwuliza mume yuko wapi.

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa mwisho nilikuwa ninawaeleza wanafunzi maneno ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiswahili chetu, nikaandika famulibri ubaoni na kuuliza nani analijua. Hakuna aliyecheka. Mmoja alidhani ni aina ya kitenge. Mwingine alisema labda ni sabuni. Mwishowe msichana mmoja kutoka Katogota aliinua kidole. Alisema nyanya yake analitumia kila siku: famulibri ni yule kuku jike asiyelala bandani, anayezurura kwa majirani na kulala popote apendapo.

Jioni nilipita kwa shangazi. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, ameketi mlangoni akisikiliza watu wakipita. Nilimsimulia. Akaniuliza kama niliuliza iwapo kuku huyo anataga.

Nilikiri kwamba sikuuliza. Akaniambia nikaulize.